Kabla Hujaondoka Hadado: Jinsi ya Kuipima Nchi ya Kuishi

Ukikaa jioni na vijana wa Hadado, Wajir, waliomaliza kidato cha nne, mazungumzo hayachelewi kufika nchi za watu. Mmoja ana binamu Kisenyi, Kampala. Mwingine ana abti wake, yaani mjomba, Jeddah. Wa tatu anataja Johannesburg, wa nne Minneapolis, na yuko anayeapa kwamba siku hizi kazi za ujenzi ziko Mogadishu. Kila nchi husifiwa au kupondwa kwa kadiri ya pesa anazotuma jamaa aliye huko. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya vijana hao, na kwa ajili ya wazee na kina hoyo, mama zao, wanaoombwa kuuza ngamia ili nauli ipatikane.

Mnunuzi wa ngamia anayeijua kazi yake hamsikilizi dalali. Humfungua mnyama mdomo ayaone meno, humshika kiwele, kisha huuliza mamake alikuwa akitoa maziwa kiasi gani kiangazi kilipokaza. Nchi nayo ichunguzwe vivyo hivyo. Usiulize inavyokuwa mambo yakiwa mazuri, maana mambo yakiwa mazuri kila nchi inakalika. Uliza hivi: siku mambo yanapoharibika, serikali ya huko humfanyia nini mtu asiye na mtu wake ofisini? Mwenye jamaa ofisini hupata haki yake popote, hata chini ya udikteta. Wewe mgeni ndiwe utakayekuwa huna mtu.

Jizoeze kwa Kenya kwanza

Kabla ya kuuliza habari za Uganda au Sweden, anza na nchi ambayo ushahidi wake uko nyumbani kwenu. Muulize ayeyo wako, yaani nyanya yako, au mzee yeyote wa Griftu, Arbajahan au Hadado penyewe.

Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Waingereza ilikuta kwamba Wasomali wengi wa wilaya ya mpaka wa kaskazini walitaka kuungana na Somalia. Waingereza waliondoka bila kulitimiza hilo. Tarehe 28 Desemba 1963, wiki mbili tu baada ya uhuru, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari katika eneo hili lote, na vita vya shifta vikaendelea hadi 1967. Vita vilikwisha lakini sheria za hali ya hatari zilibaki vitabuni hadi 1991. Miaka yote hiyo mtu wa Wajir aliweza kukamatwa na kuzuiliwa kwa sheria ambazo hazikumgusa mtu wa Nyeri wala wa Kisumu. Juu ya hayo, Waraka wa Bunge Namba 10 wa mwaka 1965 ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye ardhi nzuri na mvua. Huku kwetu mvua ilikuwa haba, na barabara, shule na hospitali nazo zikawa haba.

Sasa tazama jambo hili kwa makini. Katika miaka yote hiyo Kenya ilikuwa na bunge, mahakama na uchaguzi. Watu wa Wajir walipiga kura Septemba 1983. Miezi mitano haijatimia, tarehe 10 Februari 1984, wanajeshi walianza kuwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia kutoka manyumbani na malishoni, wakawapeleka kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla na kuwafungia juani kwa siku kadhaa bila maji wala chakula. Wengi waliuawa. Serikali ilitaja vifo 57. Walionusurika wanahesabu mamia, na wengine maelfu. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyosikiliza ushahidi wao, ilitoka mwaka 2013. Wagalla iko katika eneobunge hilihili la Wajir Magharibi. Kuna watu Hadado ambao wanajua ni nani katika nyumba yao hakurudi.

Ndiyo maana swali la kama nchi fulani hupiga kura au haipigi halitoshi. Mtu aliyechaguliwa na wengi anaweza kukudhulumu wewe uliye mchache, na sanduku la kura lisikusaidie chochote. Swali lenye uzito ni kama yupo anayeweza kumzuia mwenye bunduki na mwenye mhuri, na kama mtu wa kawaida anaweza kumfikia huyo mzuiaji.

Katiba ya 2010 ilileta kaunti 47, na ikaagiza kwamba angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa iende kwenye kaunti. Baada ya hapo mji wa Wajir ukapata lami yake ya kwanza. Watu ni walewale na jua ni lilelile. Kilichobadilika ni kanuni ya nani anashika mfuko na yuko umbali gani kutoka kwako. Kwa hiyo unapopima nchi yoyote, uliza pia bajeti ya zahanati ya kijijini huamuliwa wapi. Nisiifiche kasoro: kaunti imeleta ushindani mkali wa koo, wazee hugawana viti kabla kura haijapigwa, na koo ndogo hubaki zikilalamika kwamba mnyonge amebadilishwa jina tu. Malalamiko hayo ni ya haki, na yanastahili kuingia kwenye hesabu yako.

Karatasi kwanza

Mtu asiye na kipande Kenya hawezi kusajili laini ya simu, kufungua M-Pesa, kuajiriwa wala kuingia baadhi ya ofisi. Kwa miongo mingi kijana wa kaskazini mashariki alipotimiza miaka 18 aliitwa mbele ya kamati, akahojiwa babu yake ni nani na alizaliwa kisima gani, huku mwenzake wa Murang'a akijaza fomu na kwenda zake. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya walifanyiwa msako wa kipekee na kupewa kadi za rangi ya waridi. Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitia saini tamko la kuondoa kamati hizo za mipakani. Ukitaka kujua kama tamko limekuwa kweli, usiulize Nairobi. Muulize mtoto wa mtu maskini aliyeomba kitambulisho mwaka huu: alisubiri muda gani?

Hapo hapo kuna mtego unaowanasa Wakenya wenzetu hadi leo. Kambi za Dadaab zilifunguliwa kuanzia 1991. Ukame ulipozidi, familia nyingi za Garissa na Wajir ambazo ni za Kenya kabisa ziliandikisha watoto wao kama wakimbizi ili wapate mgao wa chakula na shule, wengine wakitumaini kupelekwa Marekani. Mtoto alipokua na kwenda kuomba kipande, alama za vidole zilisema yeye ni mkimbizi. Akabaki hana nchi katika nchi yake. Kama kuna mtu anayekushawishi uingie orodha ya wakimbizi ili upate safari, kataa, hata kama njaa inauma. Kama uliandikishwa ukiwa mdogo, limalize jambo hilo kwanza na msaada wa wanasheria wa haki walioko Garissa kabla hujafikiria pasipoti.

Usidhani mtego wa karatasi uko Afrika peke yake. Mwaka 2018 Uingereza ilitikiswa na kashfa ya watu wa Windrush: wazee waliotoka visiwa vya Karibiani wakiwa watoto, wakafanya kazi na kulipa kodi huko maisha yao yote, kisha wakanyimwa matibabu na wengine kufukuzwa kwa sababu hawakuwa na hati za kuthibitisha walichokuwa. Nchi yenye sheria nyingi humlinda sana mwenye hati, na humwonea sana asiye nayo.

Juu ya uraia pacha, yafahamu haya mapema. Kenya tangu 2010 inamruhusu raia wa kuzaliwa kushika uraia mwingine bila kuupoteza wake, ila sheria ya 2011 inamtaka autangaze ndani ya miezi mitatu, na kutofanya hivyo ni kosa. Uganda inaruhusu kwa masharti. Somalia haimnyang'anyi Msomali uraia wake kwa kuwa amepata mwingine. Tanzania na Ethiopia haziruhusu: ukiuchukua uraia wao, wa Kenya unauacha. Kwa wengi wa kwetu, ambao ndugu wa baba mmoja wanaishi Wajir na wengine Kismayo, jambo hili si la vitabuni.

Siku serikali inapokasirika

Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Kila nchi hupatwa na siku mbaya: bomu linalipuka, mwananchi anauawa na mgeni, chakula kinapanda bei. Serikali inakasirika au umati unakasirika. Tazama siku hiyo ni nani anakamatwa, kwa kosa lake au kwa sura yake, na baada ya siku ngapi anafika mbele ya hakimu.

Aprili 2014, baada ya mashambulizi kadhaa, polisi wa Kenya waliingia Eastleigh, wakawakamata maelfu ya Wasomali, Wakenya kwa wakimbizi, na wengi wakazuiliwa uwanja wa michezo wa Kasarani. Aprili 2015, baada ya watu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za hawala, yaani za kutuma pesa. Anayeifahamu Wajir anajua maana yake: mama ambaye kodi ya nyumba na karo ya watoto hutoka kwa mwanawe aliye ughaibuni aliamka asubuhi akakuta mlango umefungwa, na hakuwa ameua mtu. Hawala zilifunguliwa tena Juni.

Huo ni upande mmoja. Upande wa pili ni kwamba Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta kifungu cha sheria kilichotaka wakimbizi wasizidi 150,000, na Februari 2017 mahakama hiyohiyo ikazuia serikali isiifunge Dadaab. Polisi wa Kenya ni wakali, lakini jaji wa Kenya anaweza kusema hapana na neno lake likashika. Ukiishi mahali ambapo hakuna jaji wa namna hiyo ndipo utakapojua thamani yake.

Linganisha na Jigjiga, Ethiopia. Katiba ya Ethiopia ya 1995 ni ya kuvutia ukiisoma: inayapa mataifa ya ndani haki ya kujitawala, hata ya kujitenga, na Wasomali wana jimbo lao lenye bunge na lugha yao. Hata hivyo, chini ya Abdi Mohamoud Omar, rais wa jimbo kuanzia 2010 hadi 2018, watu waliteswa katika gereza lililojulikana kama Jail Ogaden, na kikosi cha polisi cha Liyu kikaogopwa vijijini. Mtesaji na mteswa walizungumza lugha moja na kuswali upande mmoja. Zipokee habari hizo ewe unayesema kwamba ukienda kutawaliwa na watu wa kabila lako shida zako zimekwisha.

Afrika Kusini ina katiba ya 1996 ambayo wanasheria wa dunia nzima huisifu. Mei 2008 zaidi ya watu 60 waliuawa katika ghasia dhidi ya wageni, na maduka ya Wasomali vitongojini yamevunjwa na kuchomwa mara nyingi tangu hapo. Hapo si serikali iliyokasirika. Ni mtaa, na polisi wakachelewa kufika. Ukiwa na duka la kitongojini, katiba nzuri iliyoko mjini haikufai kitu usiku huo. Wanaodumu ni wale waliohamia Mayfair, Johannesburg, wakakaa pamoja. Ukipelekwa na jamaa yako kwenye duka la peke yake kitongojini, uliza aliyekuwa akiuza humo kabla yako yuko wapi.

Na Marekani? Januari 2017 rais aliye mpya madarakani alipiga marufuku raia wa nchi saba kuingia, Somalia ikiwemo. Ndani ya siku chache majaji wakaisimamisha amri ile. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikaridhia sura yake ya tatu. Ilifutwa 2021, na Juni 2025 Somalia ikarudishwa kwenye orodha. Kenya haikuwemo katika marufuku ya 2017 wala ya Juni 2025. Ndugu wawili, mmoja ana pasipoti ya Kenya na mwingine ya Somalia, walisimama mbele ya dirisha lilelile wakapata majibu mawili. Nchi ileile ndiyo iliyomchagua Ilhan Omar kuingia bungeni mwaka 2018, mwanamke aliyepitia kambi ya wakimbizi hapa Kenya utotoni. Yote mawili ni Marekani, na kila mmoja wenu ajiandae kukutana nayo yote.

Majirani

Somalia imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2024, na kazi zipo: ujenzi, ualimu, uhasibu. Ila elewa jinsi madaraka yanavyogawanywa. Kanuni ya nne na nusu, iliyokubaliwa Arta mwaka 2000, inazipa koo kubwa nne mafungu sawa na wengine wote nusu fungu. Uliza wewe umo kwenye fungu lipi, na je, anayekaa katika mtaa utakaoishi ni wa fungu hilo? Uliza pia nani hutoza kodi huko, maana kuna maeneo ambayo mfanyabiashara hulipa serikali asubuhi na kuwalipa al-Shabaab jioni. Mogadishu, ambayo Oktoba 2017 ilipoteza zaidi ya watu 500 kwa mlipuko mmoja, inaweza kukupa mshahara mzuri, lakini weka muda wa kuondoka kabla hujaingia.

Somaliland ni habari nyingine. Ilijitangaza 1991, ikapitisha katiba kwa kura ya maoni 2001, na ina baraza la wazee, Guurti, ndani ya bunge. Novemba 2024 rais aliyekuwa madarakani alishindwa na Abdirahman Irro, akakabidhi ofisi. Hilo ni jambo ambalo nchi kubwa zenye kiti Umoja wa Mataifa zimeshindwa. Lakini mtu wa Las Anod, ambako kulipiganwa mwaka 2023, atakusimulia Somaliland usiyoisikia Hargeisa. Na pasipoti yake haikufikishi mbali.

Uganda ni rahisi kuingia. Mkenya hupita kwa kitambulisho, na hata mkimbizi ana haki ya kufanya kazi na kutembea kwa sheria ya 2006. Wafanyabiashara wetu wa Kisenyi wanaishi kwa amani na ninawaelewa wanaoisifu. Wasiwasi wangu ni mmoja. Rais ni yuleyule tangu 1986. Kikomo cha mihula kiliondolewa 2005, cha umri 2017. Utulivu unaomtegemea mtu mmoja hauandikiki kwenye mkataba. Fanya biashara Kampala, lakini usiweke mali yako yote huko.

Tanzania ina Kiswahili, ina utaratibu, na kwa muda mrefu ilisifiwa kwa kutomuuliza mtu kabila lake. Ila ni nchi inayojilinda. Ardhi yote iko mikononi mwa rais kwa niaba ya wananchi, na mgeni haimiliki isipokuwa kwa njia ya uwekezaji. Julai 2025 serikali ilipiga marufuku wageni kufanya aina 15 za biashara ndogo, zikiwemo za rejareja na uwakala wa pesa za simu, ambazo ndizo wengi wetu huanzia. Mfugaji naye aisome habari ya Loliondo ya Juni 2022, ambako kilomita za mraba 1,500 za malisho ya Wamaasai zilitengwa kuwa hifadhi ya wanyamapori. Uchaguzi wa Oktoba 2025 uliandamana na watu kuuawa, amri ya kutotoka nje na intaneti kuzimwa. Sifa ya amani ni ya kweli kwa miaka mingi, kaipime upya.

Ghuba

Anayetaka kwenda Saudia, Qatar au Imarati aelewe kwamba anaenda kufanya kazi. Haendi kuishi. Chini ya kafala, kibali chako kimefungwa kwa mwajiri. Ukikaa huko miaka 20 na kuzaa huko, kwa kawaida mwanao bado ni mgeni. Hakuna kura, na kuilalamikia serikali hadharani ni hatari. Kwa upande mwingine barabara ni salama, msikiti uko karibu, na mshahara wa fundi au dereva mzuri unaweza kujenga nyumba ya mawe Wajir. Watu wengi hubadilisha uhuru kwa hayo kwa macho makavu, na siwalaumu, mradi wamejua.

Tofauti kati ya nchi hizo zipo. Qatar iliondoa mwaka 2020 ulazima wa ruhusa ya mwajiri ukitaka kubadilisha kazi, na tangu Machi 2021 kima cha chini cha mshahara ni riyali 1,000 kwa mwezi. Saudia ililegeza kanuni zake mwaka huohuo wa 2021, lakini wafanyakazi wa nyumbani hawakuingizwa. Kwa hiyo binti anayepelekwa kuwa mfanyakazi wa nyumbani Riyadh anaingia sehemu ambayo sheria ina mwanga mdogo kuliko zote. Kama ni lazima aende, apite kwa wakala aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, mkataba ausome kwa lugha anayoielewa kabla ya kupanda ndege, na picha ya pasipoti, ya viza na ya mkataba ziachwe kwenye simu za watu wawili nyumbani. Pasipoti yenyewe inaweza kuchukuliwa siku ya kwanza.

Ulaya na njia ya kwenda huko

Kuhusu tahrib, yaani kupita Sudan na Libya, sitalinganisha chochote. Magafe, yaani walanguzi wa watu, hushika watu, huwatesa huku jamaa wakisikiliza kwenye simu, na familia huuza mifugo yote. Nchi yoyote inayofikiwa kwa njia hiyo imekwisha kukugharimu kuliko itakavyokulipa.

Kwa aliye na njia halali, Ulaya ya kaskazini ina jambo ambalo sisi hatulijui: huko bima yako ni serikali. Kodi ni kubwa, inakatwa kabla hujaiona, lakini ukiugua unatibiwa bila kuchangisha, na mtoto anasoma bila kufukuzwa karo. Lakini serikali inayokulipia mengi hukuamulia mengi pia. Denmark mwaka 2018 ilipitisha sheria kwamba mtoto wa kuanzia mwaka mmoja, katika mitaa yenye wageni wengi iliyoorodheshwa, apelekwe chekechea saa 25 kwa wiki akajifunze maadili ya Kidenmaki. Mzazi akikataa anaweza kukosa ruzuku. Mzazi wa Hadado anayemlea mtoto pamoja na shangazi na ayeyo atafakari hilo kabla ya kushika tiketi.

Mifugo ikifa, nani anakulipa?

Hapa Wajir majibu yapo matatu. Kuna mpango wa kupambana na njaa, ambao umelipa kaya zilizoandikishwa shilingi 5,400 kila miezi miwili, pamoja na Inua Jamii ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee waliopita miaka 70. Kuna bima ya mifugo inayopimwa kwa setilaiti inayotazama majani. Wafugaji wa Wajir walilipwa mara ya kwanza mwaka 2014. Na kuna ukoo, ambao hulipa zaidi ya hizo mbili zikijumlishwa, ingawa hautoi risiti. Ukoo ndio unaokuchangia hospitali, unaolipa diya ndugu yako akiua, na unaokaa chini ya mti hadi maslaha ipatikane. Mwaka 1993 ni wanawake wa Wajir, akiwemo Dekha Ibrahim Abdi, walioanza kazi ya amani iliyofikia Azimio la Al-Fatah, wakati serikali ilikuwa imeshindwa kuzima vita vya koo. Uliza nchi unayoiendea ina nini badala ya hayo. Sweden ina kitu. Johannesburg haina. Kampala ni ukoo uleule, ila mdogo na wenye shughuli nyingi.

Lakini binti afanye hesabu yake mwenyewe, asikubali ya kaka yake. Azimio la amani la Modogashe la 2001 liliweka fidia ya mwanamume kuwa ng'ombe 100, ya mwanamke 50. Ukoo unaomlinda kaka kikamilifu humlinda dada nusu. Sheria ya uraia ya Somalia ya 1962 humpa mtoto uraia kupitia baba. Kenya yenyewe, hadi 2010, haikumpa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kumrithisha uraia mtoto aliyezaliwa nje. Binti aulize: nikiachika huko, watoto wanabaki na nani kwa sheria, nyumba inabaki na nani, na kadhi au hakimu atanisikiliza bila kaka? Kwa majibu ya maswali hayo, nchi iliyo ya kwanza kwa kaka inaweza kuwa ya tatu kwake.

Kazi ya kufanya kabla ya kuuza ngamia

Usimpigie jamaa anayetuma pesa peke yake. Ana sababu zake za kusema yuko salama. Mtafute aliyerudi. Mtafute asiye wa ukoo wenu aliye huko, na mtafute mwanamke. Waulize mambo mahususi: mara ya mwisho kusimamishwa na polisi ilikuwaje, na alilipa nini? Alipougua alipelekwa wapi na bili ilikuwa kiasi gani? Mwenye nyumba alipomdai alikwenda kwa nani? Kibali chake kinaisha lini na nani hukiongeza? Akisita kwenye swali la kibali, umepata jibu.

Kisha panga makaratasi. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, pasipoti na cheti cha kidato cha nne viwe na nakala kwa mtu unayemwamini Wajir mjini, kwa sababu kuvipata upya ukiwa nje huchukua muda mrefu. Watoto ambao hawajaandikishwa kuzaliwa waandikishwe kabla hujaondoka. Ardhi ya jamii nayo ina daftari lake chini ya sheria ya 2016. Hakikisha jina lako limo miongoni mwa wanajamii, hata kama hutarudi kuchunga.

Kura pia usiiache. Walio nje humchagua rais peke yake, na katika nchi chache tu. Mwaka 2022 zilikuwemo za Afrika Mashariki, Afrika Kusini, Uingereza, Marekani, Canada, Ujerumani, Qatar na Imarati. Gavana wa Wajir, mbunge na mwakilishi wa wadi ya Hadado/Athibohol huchaguliwa na aliyepo. Uchaguzi ujao ni Agosti 2027. Kama utakuwa Kampala, panga nauli ya kurudi na uwe umejiandikisha hapa. Kama utakuwa Jeddah, kubaliana mapema na nyumba yako ni nani atakayewasemea kwenye vikao vya bajeti ya kaunti.